Kabla ya Matanga

Mhadhara kwa wahudumu wa wagonjwa na viongozi wa mashirika, Katindo, Goma



Mtu akifa Katindo leo jioni, kabla hakujapambazuka habari imefika kila mlango wa shirika lake, yaani jumuiya ndogo ya Kikristu ya mtaa wake. Turubai limepatikana, viti vimekuja, wamama wamegawana zamu za jikoni, kijana mmoja anaandika michango, kwaya inaimba, na wanaume wawili wametumwa kutafuta sanduku. Nyumba ya msiba hailali peke yake. Kazi hiyo tunaifanya vizuri na ninaiheshimu. Mji huu unajua thamani ya kuzika mtu kwa heshima, kwa sababu umewahi kuona watu wakikosa heshima hiyo. Mwaka 1994, kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara viliua watu wapatao 50,000 kati ya wakimbizi wa Rwanda waliomiminika huku, na viliwaua katika muda wa mwezi mmoja hivi. Ardhi yetu ni mwamba wa volkano, jembe haliingii. Miili ililazwa kando ya barabara, mpaka mashine za jeshi la Ufaransa zikaja kuchimba mashimo ya pamoja. Waliokuwapo wakati ule wanaelewa kwa nini watu wa Goma hukazana hivyo kwenye mazishi.

Nimekuja kusema juu ya miezi iliyotangulia kifo. Yule marehemu tuliyemchangia sanduku pengine alilala miezi minane na saratani, au alipooza upande mmoja, au figo zake zilikuwa zikifa polepole. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Wiki ya tatu walikuja wawili. Mwezi wa tatu mke wake alikuwa peke yake, akimgeuza mtu mwenye uzito unaouzidi wake, akifua mashuka kwa maji ya bido aliyoyanunua, huku biashara yake ya mboga imesimama. Siku mtu huyo alipokata roho, tulirudi wote. Hoja yangu leo ni hii moja: nguvu tunayoionyesha kwenye matanga ianze kazi wakati mgonjwa angali anasikia, anaona nani ameingia, na anaweza kujibu salamu.

Kanisa letu la Kongo lina mfano wake mwenyewe katika jambo hili, nami nashangaa kwamba hatuutumii. Isidori Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akiwa kijana mfanyakazi. Mwaka 1909, kwenye shamba la kampuni ya Kibelgiji huko Ikili, msimamizi Mzungu aliamuru apigwe kwa mjeledi mpaka mgongo ukabaki donda moja, kwa sababu alikataa kuvua skapulari ya Bikira Maria na hakuacha kuwafundisha wenzake sala. Tunapolikumbuka jina lake tunakumbuka viboko, tunakumbuka na msamaha aliompa msimamizi yule. Tunasahau kilichofuata. Bakanja aliugua vidonda hivyo takriban miezi sita. Vilioza, vilitoa harufu, naye hakuweza kulala chali. Kwa muda huo wote aliishi kwa mikono ya watu, na Wakristu wenzake walikaa naye na kusali naye. Mwishoni mwa Julai wamisionari Watrapisti walimfikia, wakamwungamisha, wakampa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Zitazameni hizo tarehe. Kati ya mpako na kifo zilipita wiki kama tatu. Padri hakuja kufunga macho ya maiti. Alimkuta mtu mwenye akili timamu, anayeweza kuungama, kusamehe na kupokea. Sasa linganisheni na desturi yetu. Simu ya kumwita padri inapigwa mgonjwa akiwa amekwisha kupoteza fahamu, na mara nyingine inapigwa amekwisha kufa, kisha tunalalamika kwamba padri amechelewa. Hofu inayotufanya tungoje naijua, kwa maana mimi ni muuguzi na ninaisikia kila mara: familia inaogopa kwamba mgonjwa akimwona padri ameshika mafuta atajua amehukumiwa. Kwa hiyo tunamnyima msaada ule ule uliowekwa kumtia nguvu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema jambo hili waziwazi tarehe 4 Desemba 1963: sakramenti ya Mpako haikuwekwa kwa ajili ya wale tu wanaokata roho; mara mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, wakati wake wa kuipokea umefika. Paulo VI alitengeneza upya utaratibu wake tarehe 30 Novemba 1972, na akaruhusu mafuta mengine ya mimea panapokosekana ya mizeituni. Mtu anayeingia chumba cha upasuaji kwa ugonjwa mzito anaweza kupakwa. Mzee ambaye nguvu zimemwisha, hata kama hana ugonjwa mwenye jina, anaweza kupakwa. Aliyepakwa akapona, kisha akaugua tena, anapakwa tena, na hata ndani ya ugonjwa uleule hali ikizidi kuwa mbaya. Padri peke yake ndiye anayepaka, wala katekista hawezi kushika nafasi yake, na kwa sababu hiyo kumwita mapema ni wajibu wetu sisi tunaokaa jirani na mgonjwa. Sakramenti ya anayeondoka duniani ni Komunyo anayopewa kama chakula cha safari. Hiyo inaweza kuletwa na mlei aliyepewa ruhusa, tangu Roma ilipofungua njia kwa wahudumu wa namna hiyo tarehe 29 Januari 1973. Katika mji ambao barabara huweza kufungwa kwa risasi mchana kweupe, mhudumu anayekaa mtaa uleule na mgonjwa ni neema kubwa. Parokia iwe nao wengi, wafundishwe vema, na wajulikane kwa majina katika kila shirika.

Sasa nije kwenye mwili, maana mgonjwa hana roho inayoelea peke yake.

Shirika lina nguvu ambayo hospitali haina: liko karibu. Maaskofu wa Kongo waliamua tangu 1961 kwamba Kanisa la hapa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, miaka mingi kabla neno hilo halijaenea kwingine Afrika. Tumelizoea shirika kama mahali pa kusoma Injili kila wiki na kukusanya zaka. Kumbe ni nyumba kumi na tano au ishirini za watu wanaojuana, na miongoni mwao kuna fundi, mwenye pikipiki, muuza dawa, mwalimu, msichana aliyesoma uuguzi. Nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu haihitaji kundi la watu thelathini wanaokaa sebuleni saa mbili wakingoja chai. Inahitaji mtu mmoja aje Jumanne na Ijumaa asubuhi, amgeuze mgonjwa pamoja na mke wake, aangalie kama mgongoni na visiginoni pameanza kuwa pekundu, abadilishe shuka, aondoke. Inahitaji mabido mawili ya maji. Inahitaji mtu wa kulala pale usiku mmoja kwa wiki ili mlinzi wa mgonjwa apate usingizi. Vidonda vya kulalia huanza ndani ya siku chache kwa mtu asiyegeuzwa, na donda likifika kwenye mfupa linaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hakuna gharama ya fedha. Kuna gharama ya watu.

Wenzetu wa Legio ya Maria wanalifahamu hili kuliko wengi wetu. Walipoanza Dublin mwezi Septemba 1921, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwatembelea wagonjwa maskini hospitalini, wawili wawili. Utaratibu wa wawili wawili una busara yake: mmoja akisali mwingine anaosha vyombo, na mgonjwa mwanamke hafungiwi chumbani na mwanaume asiyemjua. Nawasihi wanalegio wa hapa wasiishie kwenye rozari. Rozari isaliwe, kisha muulize kama leo mgonjwa amekula.

Kuna mtu mwingine tunayemsahau, naye ni mlinzi wa mgonjwa, yule tunayemwita garde-malade. Mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na minne aliyeachishwa shule ili akae na bibi yake. Analala chini kwenye sakafu ya hospitali, anapika nje kwa makaa, anakimbizwa kutafuta sindano na dawa, na siku bibi akifa hakuna anayempa pole, kwa sababu pole zote zinakwenda kwa watoto wa marehemu waliotoka mbali. Shirika likipanga zamu, msichana yule anarudi darasani walau siku tatu kwa wiki. Huo nao ni utume wa wagonjwa.

Nikae kidogo kwenye maumivu, kwa sababu hapa tumekosea kwa muda mrefu. Kuna Wakristu wanaoamini kwamba mgonjwa anayelia kwa maumivu ya saratani anashiriki msalaba, na kwamba kumpa dawa kali ni kumnyang'anya stahili yake. Mafundisho ya Kanisa hayasemi hivyo. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa za kulevya za tiba hata kama zinaweza kupunguza siku za mgonjwa, mradi nia isiwe kumuua na pasiwe na njia nyingine. Katekisimu ya 1992 imerudia hivyohivyo. Barua iliyotolewa Roma mwaka 2020 juu ya kuwahudumia wagonjwa mahututi nayo inahimiza kwa nguvu zote huduma shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso, na inakataa katakata kumharakishia mtu kifo. Kwa hiyo sisi Wakatoliki tuna mzigo wa pande mbili. Tukisema hatukubali mgonjwa auawe kwa huruma, basi lazima tuwe wa kwanza kuhakikisha haachwi apige mayowe usiku kucha.

Dawa yenyewe ipo na si ya ajabu. Mwaka 1993, daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyewahi kuwa sista mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Alitumia morfini ya unga iliyokorogwa na maji, ikatiwa rangi ili watu wasichanganye chupa ya nguvu ndogo na ya nguvu kubwa, mgonjwa akainywa nyumbani kwake kwa kipimo kila saa nne. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria, wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika, kwa sababu madaktari walikuwa wachache mno na wagonjwa walikuwa vijijini. Hayo yamefanyika kwa jirani yetu, nchi ambayo mpaka wake uko Bunagana. Kwetu, mgonjwa wa saratani mara nyingi hurudishwa nyumbani na vidonge vya parasetamoli. Tume ya wataalamu iliyochapisha taarifa yake katika jarida la The Lancet mwaka 2017 ilikuta kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Ninazisoma namba hizi na kukasirika, nanyi mkasirike. Kanisa linaendesha hospitali na vituo vingi vya afya katika nchi hii kupitia ofisi za majimbo za kazi za tiba. Lina sauti mbele ya serikali na mbele ya wafadhili. Parokia haiwezi kuagiza morfini, lakini inaweza kudai, kwa maandishi, kwamba kila hospitali ya Kanisa iwe na mtu aliyefundishwa kutuliza maumivu na akiba halali ya dawa hiyo.

Jambo la vyumba vya maombi, wagonjwa wanakokwenda kuombewa uponyaji, nitalipitia kwa ufupi, ingawa linaua. Mgonjwa wa kifua kikuu au wa ukimwi anayeambiwa atupe vidonge ili aonyeshe imani anapelekwa kaburini. Roma ilitoa maagizo tarehe 14 Septemba 2000 juu ya sala za kuomba uponyaji, ikiziruhusu na kuziwekea mipaka chini ya mamlaka ya askofu. Kiongozi wa sala yeyote katika parokia atakayemzuia mtu kumeza dawa aondolewe nafasi hiyo siku hiyohiyo.

Ebola ilitufundisha mengine. Mgonjwa wa kwanza hapa Goma alitangazwa tarehe 14 Julai 2019, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Tulinawa mikono kwenye milango ya makanisa. Wengi wetu tuliona uchungu wa kuzuiwa kuosha na kugusa maiti wetu. Mlipuko ule, ulioanza Agosti 2018 upande wa Beni na kuisha rasmi tarehe 25 Juni 2020, uliua zaidi ya watu 2,200. Mwanzoni mgonjwa alifichwa nyuma ya ukuta na familia ilibaki na uvumi. Mahali pengine uvumi huo ulizaa mawe na moto dhidi ya wahudumu. Kule Beni shirika la misaada ya tiba la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu, ndugu akaweza kumwona mgonjwa wake, kumsemesha, kumwonyesha mtoto. Usalama haukulegezwa, na woga ulipungua. Wahudumu waliotutangulia waliwahi kulipa kwa uhai: masista sita kutoka Bergamo walikufa mwaka 1995 wakiwauguza wagonjwa wa Ebola katika eneo la Kikwit. Tukiwaheshimu, tuheshimu na kinga. Mhudumu wa Komunyo anayetoka chumba kimoja cha mgonjwa kwenda kingine bila kunawa mikono analeta hatari mahali alipotumwa kuleta faraja.

Halafu kuna vita. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia ndani ya mji huu. Mamia ya watu walikufa, hospitali zilijaa majeruhi hadi kwenye korido, na hospitali ya jimbo ya Charité Maternelle ilipigwa, watoto wachanga wakafa. Askofu Willy Ngumbi alililaani jambo hilo hadharani. Baadaye benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Ninyi wa Katindo mnakaa karibu na kambi ya jeshi na hospitali yake, mnajua maana ya kuamka na kukuta jirani hayupo. Nataka tuangalie mtu mmoja tu katika hayo yote: mgonjwa aliyekimbia Rutshuru au Masisi, akapokelewa na ndugu wa mbali katika chumba kimoja. Hajaandikwa katika shirika lolote hapa. Hana cheti cha ubatizo, kiliungua au kilibaki nyumbani. Hajalipa zaka. Akiomba padri, swali la kwanza anaulizwa ni lipi? Kama tunamuuliza shirika lake na risiti zake kabla ya kumuuliza anaumwa wapi, tumeshindwa. Sheria ya Kanisa inamtaka paroko awasaidie kwa upendo mwingi wagonjwa, hasa walio karibu kufa, na inawataja pia waliohamishwa kutoka nchi zao. Haiweki sharti la risiti. Mgonjwa aliye ndani ya mipaka ya shirika ni wa shirika hilo tangu usiku wa kwanza aliolala pale.

Na deni la hospitali? Tunajua wagonjwa waliopona wakazuiwa kutoka kwa kukosa kulipa, na maiti zilizobaki chumba cha baridi kwa sababu hiyohiyo. Michango yetu huja baada ya kifo, wakati dola arobaini za wiki ya kwanza pengine zingelipia vipimo. Napendekeza shirika litenge sehemu ya mchango wake wa kila mwezi kwa wagonjwa walio hai, kiasi kidogo kisichoguswa kwa msiba wala kwa sikukuu, na hesabu isomwe mbele ya wote. Mazishi nayo yapunguzwe gharama: chakula kipungue, vitambaa vya sare viachwe. Najua nikisema hivi wengine watanuna. Marehemu hatakula wali ule.

Bado neno moja juu ya ukweli. Familia nyingi zinamficha mgonjwa ugonjwa wake, na yeye, akiwa amekwisha kujua, anawaficha kwamba anajua. Wote wanadanganyana kwa upendo hadi siku ya mwisho, na mambo yanabaki bila kusemwa: deni kwa jirani, mtoto wa nje ambaye hajatambuliwa, ndugu waliogombana tangu mwaka volkano ilipolipuka, karatasi za kiwanja zilizofichwa mahali anapopajua yeye tu. Mjane anafukuzwa na wakwe kwa sababu hakuna wasia ulioandikwa. Mhudumu wa wagonjwa si daktari, haruhusiwi kutangaza ugonjwa wa mtu. Lakini anaweza kukaa kimya kando ya kitanda, na mgonjwa akiuliza kama atapona, asimkimbize kwa maneno ya kumtia moyo. Amuulize yeye anawaza nini. Kisha amsikilize mpaka amalize. Ikibidi amwite padri, au mwanasheria wa kuandika wasia, au yule ndugu aliyegombana naye.

Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Yohane Paulo II mwaka 1992, huadhimishwa kila tarehe 11 Februari, na siku hiyo tunafanya vizuri kuwaleta wagonjwa kanisani. Walio wengi hawawezi kuletwa. Viongozi wa mashirika, nawaomba hivi: katika mkutano wa wiki hii, kabla hamjagawana kazi za Jumapili, ulizeni nani anaumwa katika nyumba zenu, amelala wapi, nani yuko naye usiku huu, na kesho asubuhi anahitaji nini. Pangeni zamu papo hapo. Majina ya walio hatarini yapelekwe kwa paroko kabla ya Jumapili, wakiwemo wapangaji na waliokimbia vita, na padri aitwe wakati mgonjwa bado anaweza kumkaribisha kwa sauti yake mwenyewe.